Sita, Nne, Nne

Ghala la chama cha msingi, Tandahimba.
Saa tano usiku, umeme ndiyo kwanza umerudi,
nami nimepiga magoti nyuma ya mzani
kama mtu aliyedondosha hereni.
Vumbi la korosho limenikaa kooni. Waya ni mzima.
Kioo ni kizima. Chuma hakijapinda.
Uongo, basi, uko ndani zaidi.

Nashuka. Chini ya programu ya karani,
chini ya vitufe na rangi zake za kijani,
mpaka kwenye kiini, ambako kila kifaa
kimewekewa faili dogo la mstari mmoja.
Faili la uzito. Faili la sifuri.
Sifuri ndipo mzani unapoanzia kuhesabu:
isogeze kilo mbili, na kila gunia
litaacha kilo mbili mlangoni, kimya.

Nauliza ruhusa zake. Kiini kinajibu:
sita, sita, sita.

Nne ni kusoma, mbili ni kuandika, jumlisha.
Mwenye nyumba asome, aandike.
Jamaa zake wasome, waandike.
Na yeyote mwingine, hata aliyepita kuomba maji,
asome,
aandike.

Nani aliacha mlango hivi?
Jina lake liko juu kabisa ya msimbo,
na tarehe: mwezi wa tisa, mnada uko shingoni,
meneja anapiga simu kila nusu saa,
programu inasukuma, dereva wa mzani anakataa,
huna ruhusa, huna ruhusa,
hadi huyo mtu akachoka, akaandika sita tatu,
ikakubali, akaenda kula ming'oko.
Kiini kipya kingemkatalia palepale.
Hiki ni cha zamani, kina adabu ya kizamani:
kinakuamini.

Somoe Nnunduma. Ndiyo jina. Ndilo langu.

Kangomba angalau tuliijua sura.
Ilikuja uani na bakuli lake,
ukaliona linavyolundikwa, ukanuna, ukauza,
kwa sababu ada ya shule haingoji msimu.
Hii yangu haina bakuli wala mtu wa kununiwa.
Nani aliisogeza sifuri? Faili halisemi.
Linatunza namba ya mwisho tu,
halikumbuki mkono.

Jumanne mama alileta magunia manne.
Kwa jirani, mzani wa kuning'iniza: themanini na moja.
Hapa: sabini na tisa.
Alisema korosho zimekauka njiani.
Njia yenyewe ni mwendo wa robo saa.
Karani Mchopa akamshika kidole gumba,
wino, stakabadhi, asante, mwingine.
Mama ameandika asichoweza kusoma.
Kiini kina namba ya hilo pia:
mbili, peke yake,
na tunaitumia kwa vifaa, siyo kwa watu.

Nafuta. Naandika sita, nne, nne.
Wote wasome. Aandike mwenye nyumba tu,
ambaye kwa lugha ya mashine huitwa mzizi.
Mzizi wa mkorosho naujua, baba alichimba mmoja siku tatu
na hakuuona mwisho.
Mzizi wa hapa umekaa kwenye tofali, na kompyuta mapajani,
unaona haya.

Ningeweka nne tatu, nijifungie nje na mimi.
Lakini mzani huchoka, kila msimu lazima usawazishwe,
lazima awepo mmoja wa kuandika.
Nimekaa na hilo mpaka majogoo ya kwanza.

Kisha nimekigeuza kioo kitazame mlango,
nikafungua daftari la mapokezi, nikahesabu:
magunia mia sita kumi na mawili, mara mbili.
Kilo elfu moja mia mbili ishirini na nne.

Hiyo hakuna faili la kuiweka.
Saa moja watafika na magunia yao,
na mama atakuwa na la tano.
Itabidi niitamke kwa mdomo,
mbele ya wote,
na jina langu mwanzoni.